Dada wa gundi

Ihirwe, soma hii kabla sijapasuka.

Leo darasani tulijenga mnara wa mirija, eti mchezo wa kutufundisha ushirikiano. Kirezi wetu kaujenga karibu peke yake, vidole vimejaa gundi. Cyusa kasimama tu, kama wale wanaokuja kwenye umuganda, kazi ya pamoja ya mtaa, na jembe safi na kurudi nalo safi.

Kikundi chetu kikashinda. Mwalimu akauliza kiongozi nani. Cyusa huyo mbele.

"Siri yetu ni kusikilizana."

Kusikilizana. Bila haya.

Akaambiwa awataje wenzake. Akamkodolea Kirezi macho, jina hana.

"Na huyu dada wa gundi."

Miaka miwili wanakaa benchi moja.

Kirezi akainuka taratibu, akachomoa mrija wa chini kabisa.

"Mnara wako huo, kiongozi. Sikilizaneni."