Ng'ombe wa Baba Wananibana Kifua

Shikamoo Bi. Hamida. Nakuandikia nikiwa na aibu ya mtu mzima, na naomba usome mpaka mwisho kabla hujanicheka. Mimi ni Msukuma wa miaka thelathini na nne, wazazi wangu walihamia huku Nkasi na mifugo yao nikiwa bado nabebwa mgongoni, mimi ndiye mtoto wa kiume pekee, na shida yangu ni kwamba siwezi kukaa na ng'ombe. Nikiingia zizini macho yanavimba, napiga chafya mpaka kiuno kinauma, mikono inatoka vipele, na siku hizi nikifagia tu kifua kinapiga filimbi. Daktari aliniambia wazi ni aleji ya ng'ombe, akanipa vidonge na dawa ya kuvuta, lakini baba nilimwambia ni mafua, maana ningeanzia wapi kumwambia mzee ambaye maisha yake yote ni ng'ombe kwamba mwanawe mwenyewe anaugua kwa manyoya yao?

Mwezi wa tatu nikasikia kuna mama anaitwa Adela pale Milanzi, mjini Sumbawanga, nesi mstaafu aliyesomea tiba ya sindano za Kichina, zile nyembamba kama unywele, anakuchoma usoni, mikononi na miguuni, halafu unalala nazo nusu saa bila kuongea. Nikamdanganya baba kwamba naenda mjini kutafuta dawa ya kupe. Siku ya kwanza, Bi. Hamida, nililala pale na sindano usoni nikaanza kulia, sikujua nalia nini, na yule mama akanifunika blanketi miguuni kwa sababu ya baridi akatoka. Baadaye akaniuliza, "Ukiacha ng'ombe, ni nini kingine kinachokuwasha?" Nikacheka. Lakini niliporudi nikajichunguza, nikaona nashuka basi Namanyere, mji wetu huku Nkasi, sijaona hata mkia wa ng'ombe, na tayari najikuna. Baba akinipigia simu, pua inaziba.

Baada ya kwenda mara nne nikapata nafuu kubwa, nikalala vizuri, nikaviacha vidonge na ile dawa ya kuvuta nikaifungia sandukuni. Mama Adela akanibandika vipunje vidogo kwa plasta nyuma ya sikio, ili mawazo yakizidi nivibonyeze. Baba akaviona.

"Umeenda kwa nani?" akaniuliza mbele ya mke wangu Jenifer.

"Ni matibabu, baba."

"Matibabu gani ya kufichwa nyuma ya sikio?"

Akaibandua ile plasta kwa mkono wake akaitupa motoni. Anaamini nimeenda kwa mganga kumtafutia kifo ili nirithi haraka. Wiki ya tatu sasa hali chakula na mimi, ila hajabadili mpango wake: baada ya mavuno baba zangu wadogo watakuja kutoka Kahama, na mbele yao atanikabidhi zizi lote.

Na kuna jambo sijamwambia hata Mama Adela. Mdogo wangu Coleta alirudi nyumbani ndoa yake ilipovunjika, na yeye ndiye anayejua kila ng'ombe kwa jina na kwa ugonjwa wake. Mwaka jana jike mmoja alishindwa kuzaa, Coleta akaingiza mkono akamgeuza ndama na kumtoa mzima, mimi nikiwa nje nakohoa. Baba aliporudi akanisifu mimi mbele ya wageni, nami nikanyamaza. Coleta aliniangalia tu akaenda kunawa. Je, niongeze sindano mpaka mwili uzoee, au nifanye nini?

Limbu, Nkasi.

BI. HAMIDA ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Sijakucheka. Ila nitakugombeza, vumilia.

Kwanza, leo hii fungua hilo sanduku. Nani alikuambia uache dawa ya kuvuta? Siyo daktari, na kwa barua yako siyo Mama Adela. Kifua kinachopiga filimbi hakisubiri mavuno. Rudi hospitali, eleza kwamba uliacha dawa, na uwaambie unachomwa sindano pia. Usione haya, wameshasikia makubwa kuliko hayo.

Pili, sindano endelea nazo kama zinakutuliza. Mtu mwenye msongo wa mawazo aleji humwandama zaidi, na wewe umejionea mwenyewe pale kituo cha basi. Lakini hazitageuza manyoya ya ng'ombe kuwa pamba. Unataka mwili uzoee kitu ambacho hata moyo wako haukitaki, halafu unaulaumu mwili.

Sasa la tatu, na hapa ndipo uliponiudhi. Umenieleza pua yako kwa urefu, na dada yako umemweka mwishoni kama kiraka. Siyo ugonjwa wako uliomfanya baba adhani wewe ni mfugaji. Ulimfanya adhani hivyo kwa kunyamaza. Unaogopa kukabidhiwa zizi ambalo ulilichuma kwa jasho la Coleta, tena wakati yeye amerudi nyumbani ndoa imevunjika.

Nakuelewa, ni vigumu kwa mtoto wa kiume pekee. Hata hivyo usisubiri wageni wa Kahama. Kumwambia mzee neno hili mbele ya wadogo zake ni kumvua nguo. Muombe Coleta msamaha kwanza. Kisha mfuate baba asubuhi, wewe peke yako, na cheti cha daktari mkononi. Mwambie aleji, mwambie sindano, mkaribishe aende nawe Milanzi akamwone huyo nesi kwa macho yake. Halafu mwambie nani alimtoa ndama. Na akikasirika, kaa hapo hapo, usitoroke.

LIMBU AMETUANDIKIA TENA

Bi. Hamida, nimefanya. Coleta alisikiliza msamaha wangu akasema, "Kaka, mimi nilichoka kusubiri, sikukasirika." Baba alikisoma cheti, akakirudia, akaniambia, "Kwa aleji sikulaumu, hukuiomba. Kwa ndama nakulaumu." Alinisema mpaka jua likawa kali, nikakaa pale pale. Milanzi amekataa kwenda. Walipokuja baba wadogo akawaambia zizi litakuwa chini ya Coleta na mimi nitashika shamba. Mmoja aliondoka bila kuaga, na maneno bado yapo. Dawa navuta kama nilivyoelekezwa, na kwa Mama Adela naenda mara moja kwa mwezi.

Baba hajasema amenisamehe. Ila siku hizi akitaka kuongea nami hutoka zizini, hunawa mikono mpaka viwikoni, huingia ndani kubadili shati, ndipo anakuja kukaa karibu yangu.