Kusuka na Kushuka

Kawangware,
Jumapili, baada ya kanisa.

Dada yangu Mama Akinyi,

Kabla ya lolote, u mzima? Mgongo wa Mama umepoa, au bado anabishana nao shambani? Sisi huku tunapumua, na mwanao anakula kama mtu aliyeajiriwa kula. Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu simu yako inapokelewa na mama mkwe wako, naye huweka spika hadi kuku wanasikiliza. Haya ni yako peke yako. Yasome ukiwa umekaa.

Uliniuliza kama Akinyi abaki Nairobi au arudi nyumbani. Sitakujibu kwa neno moja, maana neno lenyewe linanitisha. Nitakueleza yaliyotokea shuleni, kisha wewe uliyemzaa uamue.

Unajua alipofika kwangu masikio yake yalikuwa yameshafungwa kabisa. Niliposhikishwa hii kazi ya kumsaidia mwalimu darasani kwake, nilianza kwa kumkalisha karibu na dirisha, palipo na mwanga, aone midomo. Halafu nikawa nikimvuta mwalimu shati kila alipousemesha ubao badala ya watoto. Si Akinyi tu. Kuna Brayo, mkono wake unatetemeka, kwa hivyo daftari lake nalibandika mezani lisimkimbie. Kazi yangu ndiyo hiyo, kuangalia nani amebaki nyuma na kumfuata.

Sasa cheka kidogo, maana mbele hakuna kicheko. Darasa lao liko juu, mbao na mabati, na ngazi ni moja tu, nyembamba. Wakati wa mapumziko nilikuwa nawaambia, "Haya, sukeni!" Unatujua sisi watu wa ziwa, ulimi wetu na hiyo "sh" hawajawahi kupatana. Watoto wa Nairobi nao hawana huruma. "Tichee, tusuke nani?" Wakawa wanasuka hewa kwa vidole huku wakishuka ngazi, wanacheka mpaka machozi. Akinyi akaona vidole, akaona wenzake wanaondoka, akaunganisha. Tangu siku hiyo kusuka hewa ndiko kushuka. Kengele ikigongwa, aliye karibu naye anamsukia mbele ya macho, naye anainuka. Nilichekwa, lakini nilifurahi sana, dada. Mtoto hakuwa tena wa mwisho kujua.

Muhula huu mkuu wa shule akaniteremsha kwa chekechea, kwa kuwa wameongezeka na wanalia kwa zamu. Juu akaletwa Mwalimu Nekesa wa Bungoma. Ni mama mpole na nampenda, ingawa yeye akitaja baba inatoka "papa", kwa hivyo hana haki ya kunicheka. Siku yake ya kwanza aliona wasichana wanasukana hewani, akafoka, "Hii ni class, si saluni! Mikono juu ya dawati!" Jioni Akinyi akanionyesha, viganja bapa mezani, kichwa kinatikisika, hapana, hapana. Kesho yake nilimweleza Nekesa. Alicheka akanipiga bega. "Ati mkisuka mnashuka? Adhiambo, wewe nawe!" Alidhani nautania ulimi wangu mwenyewe.

Wakati huo kulikuwa na harufu ya kitu kinachoungua. Juu ya dari yao unapita waya wa stima, na ukinyamaza unausikia ukivuma kama nyuki. Akinyi hausikii, lakini ndiye aliyeunusa kwanza. Kila siku akifika nyumbani alikuwa anabana pua na kuonyesha juu. Nikapeleka neno ofisini. Nikaambiwa fundi anakuja. Fundi wa Nairobi unamjua, yuko njiani tangu aliponunua viatu.

Wiki jana, siku ya mvua, kabla ya chakula cha mchana, ule mvumo ukakatika. Nilikuwa chini na watoto wangu wadogo. Nilishtuka kwa ule ukimya kabla sijaona chochote. Kisha moshi ukaanza kutoka chini ya mabati, mtu akaigonga ile ringi ya gari tunayoitumia kama kengele, na shule nzima ikawa inapiga mayowe. Nikawatoa wangu uwanjani. Wa juu wakaanza kuteremka wakisukumana, Nekesa akiwavuta mmoja mmoja chini ya ngazi. Nikawa natafuta sweta ya bluu ile niliyomnunulia Soko la Toi. Siioni.

Brayo ndiye aliyenishika nguo. "Tichee! Akinyi bado ako huko juu!"

Nikainua macho. Alikuwa pale pale dirishani nilipomkalisha mimi, anatazama mvua, moshi uko nyuma yake na hajui. Ngazi ilikuwa imejaa watoto wa darasa la pili, majirani zao wa huko juu, huwezi kupanda bila kuwakanyaga. Nikapunga mikono. Akaniona, akatabasamu. Nikamsukia hewa kwa vidole vyote kumi.

Dada, aliniona vizuri. Halafu akamwona Mwalimu Nekesa, amekuja kusimama kando yangu. Akaweka viganja vyake bapa kwenye ukingo wa dirisha, akatulia, mtoto mwenye adabu.

Nikamshika Nekesa mkono. "Mwalimu, suka!"

"Nishuke wapi? Si tuko chini!"

"Suka! Suka!"

"Adhiambo, mimi niko chini!"

Ulimi wangu ulinisaliti, nikaona tutamwua huyu mtoto kwa herufi moja. Nikavinyakua vidole vyake, nikavipitisha kimoja juu ya kingine kama anayesuka. Hapo akaelewa. Uso wake uliingia giza. Akainua mikono yote miwili kwenye mvua akasuka, akasuka, analia, "Kuja mama, kuja!" Na uwanja mzima wa watoto wakaanza kusuka pamoja naye.

Akinyi akatoweka dirishani. Nilibaki nautazama mdomo wa ile ngazi, moshi ndio unaoteremka peke yake, na nilikuita wewe kwa jina. Kisha akatokea, anakohoa, bega ukutani, vidole vyake vinasuka.

Yuko salama. Usimlilie mzima. Moto wenyewe ulizimwa kwa mchanga. Waya ukafungwa plasta nyeusi pale pale ulipoungua, na baada ya siku mbili watoto wakarudishwa juu. Nekesa siku hizi huanza asubuhi kwa kuwasukisha wote, lakini ameitwa kazi kwao Bungoma na mwisho wa mwezi anaondoka. Atakayekuja hatumjui. Nimeomba nirudishwe juu, mkuu akasema tutaona. Na mvumo umerudi. Wadogo wangu wanalala chini yake.

Kuna shule ya viziwi huko upande wa Riruta Satellite, wamesema labda mwakani atapata nafasi. Huku anasoma, ameandika jina lako bila kuangalia popote. Huko kwenu watamkalisha nyuma atazame ng'ombe. Lakini huko hakuna ghorofa. Nitumie neno kwa binamu yetu aliyekuletea barua hii, akirudi. Ukisema aje, nitamleta mwenyewe.

Nisalimie Mama. Nisalimie kaka yetu anayefyatua matofali, na mke wa mchungaji aliyemwombea mtoto. Mama mkwe wako mpe salamu, ya kuku umfiche.

Uliomba picha yake akiwa amesukwa vizuri, na ribboni. Jana nilimkalisha kati ya magoti yangu, mafuta tayari, kitana tayari. Niliposhika tu shungi la kwanza akainuka, akaenda hadi mlangoni, akasimama akiningoja nitoke. Nikamrudisha, nikaanza tena, akainuka tena. Mara ya tatu nikaweka kitana chini nikamfuata nje. Kwa hivyo ukimwona nywele zimetimka kwenye picha, usiniite mvivu.

Mdogo wako akupendaye,
Adhiambo