Tulipima Kelele Wakati wa Ukimya

Maabara ya Redio, Chumba Namba 9,
S.L.P. 417.
12 Machi

Mpendwa Dada,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Na shemeji, bado anakoroma halafu anamsingizia paka? Mimi mzima, ila sauti imenikauka kwa kushangilia, ndiyo maana naandika badala ya kukupigia.

Dada, tumeshinda! Ile redio ya kusikika hata kwenye mvua imefaulu.

Tangu uliponieleza jinsi mvua ilivyokata mawasiliano ya zahanati yako, ukabaki na mzazi anayevuja damu na daktari hakusikii, moyo wangu haukutulia. Ndiyo sababu niliomba kazi hii. Mkuu wa maabara alitupa hadi Alhamisi. Tukishindwa, mradi unafungwa, na ninyi wa mbali mtasubiri mpaka Mungu ajue lini.

Nikueleze kidogo, usinicheke. Ujumbe ukifika umechafuliwa na kelele, yaani mikwaruzo ya mawimbi, mashine yetu hukisia, hujikagua, hukisia tena, hata mara ishirini, hadi makosa yaishe. Lakini lazima iambiwe kelele ni nyingi kiasi gani. Ukiiambia ni kidogo kumbe ni nyingi, inaamini kila uchafu na kung'ang'ania makosa kwa kiburi. Ukiiambia ni nyingi mno, inatilia shaka hata yaliyo sahihi.

Sisi tuliidanganya miezi minane bila kujua. Fundi wetu wa antena, mtu makini kupindukia, kila alipotaka kupima kelele alizima mtambo wa kurushia, akazima taa, akazima mpaka feni. Tulikaa kimya tukitokwa jasho kama waliofumaniwa. Tukapata namba nzuri, safi, isiyo na faida yoyote! Mtambo ukiwashwa una kelele zake, na mvua ina zake.

Nikasema tupime ndani ya ujumbe wenyewe. Tupachike alama tunazozijua, zikifika tuone zimeharibika kiasi gani, na tukadirie kelele upya kwa kila ujumbe. Mkuu akanikatisha: "Wewe binti, acha kuzibembeleza namba. Tununue mtambo mkubwa, yaishe." Nikanuna, nikaenda kuandika programu kwa hasira. Hasira zangu unazijua.

Alhamisi mvua ikashuka ya kutosha na kusaza. Tulirusha jumbe mia. Kwa namba ya zamani zilisomeka arobaini na moja. Kwa njia yangu, tisini na nane! Mbili zilizobaki, mashine ilikiri yenyewe kwamba imeshindwa. Fundi alininyanyua juu juu, mtu mzima mimi. Mkuu alitazama karatasi mara tatu, akavua miwani, akasema, "Haya, umetuweza." Kwa mtu yule, hiyo ni hotuba.

Nisalimie shemeji, mama mkwe wako, na Kibonge wangu. Mwambie mama yake mdogo siku hizi hashikiki.

La mwisho nimeliacha makusudi. Mkuu aliniuliza mashine ya kwanza ifungwe wapi, nikaitaja zahanati yako kabla hajamaliza swali. Fundi anafika kwenu Jumatatu. Mvua ikinyesha tena na una mgonjwa mikononi, mwite daktari, Dada. Atakusikia.

Mungu akulinde, wewe na hao unaowahudumia.

Mdogo wako, akupendaye na kujivunia kuwa damu yako,
Kitindamimba