Siku Niliyoitwa Taipisti

Alhamisi, Kiplombe. Mvua ya mawe inapiga mabati tangu saa tisa. Nimefika nyumbani nimelowa, na sina hamu hata ya chai.

Leo nimeitwa taipisti.

Miezi minne nimekuwa nikibaki chuoni baada ya kufundisha vipindi vyangu, kwa ile kompyuta yetu moja, nikijenga taa za barabarani ndani ya skrini. Ni programu ya kuchora saketi na kuijaribu kabla hujashika waya. Unaweka kifaa cha kutoa mapigo ya umeme, na kila pigo linasukuma taa hadi rangi inayofuata: nyekundu, kijani, manjano. Kando niliweka swichi ya kurudisha kila kitu mwanzo. Ikiachwa imewashwa, mapigo yatapita bure na taa haitasonga.

Mkuu wa idara anajua ni kazi yangu. Yeye ndiye alinipa ufunguo wa maabara.

Asubuhi mgeni wa wizara alikuja, beji ya chama tawala kifuani. Kulikuwa na nafasi moja ya masomo ng'ambo, kwa mwalimu anayeijua hii programu. Mkuu akakaa kwa kiti changu. "Hii nimetengeneza mwenyewe," akasema.

Akawasha mapigo. Nyekundu ikabaki nyekundu. Akagonga kibodi tena. Nyekundu. Shingo yake ikaanza kutoa jasho, mgeni akaangalia saa.

Ningenyamaza aumbuke. Mungu anajua nilitaka. Lakini kuona kazi yangu imekwama kama kitu kibovu, nilishindwa. Nikainama, nikazima ile swichi.

Kijani. Manjano. Nyekundu.

Mgeni akanigeukia. "Na huyu mama ni nani?"

"Huyo ni Adhiambo, taipisti wetu," mkuu akajibu haraka. "Amezoea kibodi."

Wakacheka.

Nilifungua mdomo. Halafu nikamkumbuka mwalimu mwenzetu wa hesabu, aliyembishia mkubwa mmoja mkutanini. Aliitwa mpinga maendeleo, na wiki hiyo hiyo akahamishwa mbali, bibi na watoto wakabaki hapa.

"Karibuni chai," nikasema.

Kabla ya kuondoka, mgeni alimshika mkuu mkono, akamwambia ajitayarishe kusafiri. Tulipiga makofi. Mimi pia nilipiga.

Jioni mkuu alinikuta nikifunga maabara. Hata haya hakuwa nayo. "Adhiambo, usiweke moyoni. Jumatatu utanifundisha hiyo kitu pole pole, nisiaibike huko kwa wazungu."

Nikajibu, "Sawa, sir."

Hiyo "sawa" ndiyo inaniuma kuliko yote. Uongo ulikuwa wake. Sawa ilikuwa yangu, na hakuna aliyenilazimisha kuitamka.

Jumatatu nitaenda, najijua. Nitamfundisha mpaka aelewe. Na mimi, nani atanifundisha kusema hapana?