Kuku Wawili Kwenye Kiti cha Nyuma

Nakuru, Jumamosi, Julai 1957

Rasharasha tangu asubuhi, na ule ubaridi wa Julai unaoingia mpaka mifupani. Mikono yangu ni myeusi kwa masizi, nimeisugua kwa sabuni mara tatu na bado haijatakata. Sina raha hata kidogo.

Asubuhi niliendesha gari langu kuukuu mpaka Elburgon kumwona kaka yangu, anayefanya kazi kwenye kiwanda cha mbao. Akanipa kuku wawili nimletee mke wangu Rasoa, ambaye amebakisha mwezi mmoja ajifungue. Nikawafunga miguu, nikawalaza nyuma, nikafunga vioo vyote ila changu kwa sababu ya baridi ya milima ya Mau. Kufika Nakuru, wote wawili wamekufa.

Kuku halewi gari.

Wazo hilo lilinijia nikiwa bado nimeshika mlango. Maana wiki tatu zilizopita, kwa njia hiyohiyo, kwenye kiti hichohicho alikaa mama mkwe wangu.

Alikuwa ametoka kwao Kakamega kuja kumsaidia Rasoa mpaka mtoto azaliwe. Jumapili tukampeleka Elburgon akamsalimie kaka. Rasoa alikaa mbele, dirisha lake wazi kwa ajili ya kichefuchefu cha mimba. Mama alikaa nyuma peke yake, leso imemfunika mpaka machoni, kama heshima ya kwetu inavyotaka. Mwanamume hamtazami mama mkwe wake usoni, na mama mkwe hamsemeshi ovyo. Kwa hiyo sikugeuka hata mara moja, naye hakutoa neno. Nikajisifu moyoni kwamba nimeoa kwa watu wenye adabu.

Tuliporudi nikafungua mlango, akaniangukia mikononi. Leso ikabaki chini. Ikabidi nimbebe mimi, mkwe wake, majirani wote wakitazama. Alitapika, na kichwa kikamgonga mpaka jioni. Nami, ili kuficha aibu yangu, nikasimama nje ya dirisha la chumba alicholala nikawaambia majirani, "Mama ametoka rizavu, huko kijijini, juzi tu. Gari imemlevya." Wakacheka. Mimi nilicheka kuwashinda.

Alinisikia. Kesho yake akapanda treni akarudi kwao. Tangu siku hiyo Rasoa hanisemeshi ila kwa lazima, na mimi nilimwona mkaidi.

Leo nilifanya nilichowafanyia wateja gerejini mara nyingi nisizoweza kuzihesabu. Niliwasha injini, nikaziba mdomo wa ekzosi, lile bomba la kutolea moshi, kwa gunia lililoloweshwa, nikalala kwenye tope nikisikiliza. Moshi ukizuiwa njia yake hutafuta nyingine. Haikuchukua dakika mbili. Chini kabisa ya kiti cha nyuma palikuwa pakifoka, na nilipopeleka kiganja kikaungua. Bomba lilikuwa limepasuka kwenye kiungo. Nikaingia ndani nikainua mkeka: sakafu imeliwa na kutu, tundu la kupitisha ngumi, na kiti chote kwa chini kimejaa masizi.

Watu husema mganga hajigangi. Lakini mimi sikukosa nafasi wala vifaa. Nilikuwa na hakika tu kwamba mwenye kasoro ni mama.

Rasoa alitoka akaona kuku, akaona lile tundu. Hakuhitaji kuelezwa.

"Mbona mama hakuniambia moshi unaingia?" nikamwuliza.

"Akuambie wewe? Wewe si mkwe wake? Jioni ile aliniuliza kama gari zote zinanukanga hivyo. Nikamwambia ndiyo. Hata mimi sikujua."

Kumbe alivumilia njia nzima akidhani ndivyo gari lilivyo. Alinivumilia mimi.

Bomba nimelifunga kwa bati na klampu mpya ya kulibana, na sakafu nimeiziba. Gari limepona. Lakini mama ameapa kwamba hakanyagi tena kwangu, na mwezi ujao Rasoa atazaa mtoto wake wa kwanza bila mama yake.

Nikaandika barua. Mama hajui kusoma. Barua zake husomwa na mzee wa kanisa baada ya ibada, kwa sauti, na yeyote aliyepo husikiliza. Nilieleza yote, bomba, kutu, kuku. Nikampa Rasoa. Akaisoma mara mbili, akanirudishia.

"Umeandika vile gari ilifanya," akasema. "Wewe je? Hujaandika vile ulicheka."

Nimekaa na kalamu tangu chai ya saa kumi. Nimewaona akilini watu wa kanisa lile mmoja mmoja, wamegeuza shingo wamtazame mama wakati maneno yangu yanasomwa. Nimeona haya, nikatafuta namna ya kulisema jambo hilo kwa upole, sikuipata.

Hatimaye nimeandika: "Mama, hukulewa. Ulikuwa unakufa kwenye gari langu, na mimi nikakucheka mbele za watu."

Sijui kama atakuja. Rasoa ameichukua barua, akaifunga bahasha mwenyewe, akaiweka chini ya mto wake mpaka posta ifunguliwe Jumatatu.