Mchicha Uliotobolewa kwa Msumari

KIKUNDI CHA WALIMA MBOGA BILA SUMU
Kikao cha dharura, Alhamisi tarehe 14, saa 8:00 mchana, stoo ya kufungashia.

Waliohudhuria: Mwenyekiti, Mama Pacha, Fundi Pampu, Shemeji (anayetunza ukurasa wetu wa mtandaoni), Katibu.
Hakuwapo: mume wangu mimi Katibu, marehemu. Mwenyekiti alikumbusha kwamba jina hilo liondolewe kwenye orodha. Katibu aliomba muda kidogo.

KUMB. NA. 1/14: SWALI LA MTEJA
Shemeji alieleza kwamba mteja mmoja, mama wa mtoto mdogo, aliikuza picha ya mchicha wa juzi, uliotoka kwa Mama Pacha, akauliza: "Mbona matundu yote yanalingana? Wadudu wenu wamesoma hesabu?" Ilikumbushwa kwamba kila picha huonyesha majani yaliyoliwa na wadudu, kuthibitisha kuwa hatupigi dawa. Utaratibu ulianzishwa na marehemu, aliyelichagua jani bovu kuliko yote na kuliita "bwana harusi".

KUMB. NA. 2/14: MAELEZO YA MAMA PACHA
Mama Pacha alikana. Fundi Pampu alisema, "Dada, njia ya mwongo fupi." Ndipo alipokiri kwamba viwavi walivamia mchicha wake, akapiga dawa Jumatatu, akatoboa majani kwa msumari.

Fundi Pampu: "Kumbe uliogopa wateja, si sumu!"

Mama Pacha: "Nyote mlianza hivyo hivyo. Kabla ya kuuza kwa simu, nani hapa aliacha dawa kwa kuwahurumia nyuki?"



KUMB. NA. 3/14: MCHICHA ULIOKWISHA KWENDA
Chupa ya dawa ililetwa, ikasomwa: mboga isichumwe kabla ya siku saba. Ulichumwa siku ya pili, ukapelekwa nyumba sita. Mwenyekiti alipendekeza picha ifutwe upesi. Katibu alisema kufuta picha hakutoi mchicha sufuriani. Iliazimiwa Mama Pacha awapigie wote, hapo hapo.

Watano walipokea, wawili kati yao wakatukana. Simu ya mama wa mtoto iliita mara nne bure. Mwenyekiti alitangaza kufunga kikao, lakini hakuna aliyeinuka. Mara ya tano ilipokelewa.

"Mtoto ameshakula," mteja alisema. "Tangu asubuhi anatapika. Nifanyeje?"

Mama Pacha alijibu, "Mkimbize hospitali, mwanangu. Nakuja na chupa, daktari aione."

Kikao kilikatika saa 9:20.

Katibu: (saini)
Mwenyekiti: hajatia saini, ndiye aliyempakia Mama Pacha kwenye pikipiki.