Ulizikwa Nikiwa Msituni

Baba,

Hawakunisubiri. Naanza na hilo kwa sababu nimejaribu kuanza na salamu na mkono umekataa. Asubuhi nilikuacha mlangoni pa studio ukipuliza vumbi kwenye lenzi, umejitanda shuka kwa baridi, unakohoa na kukataa kwamba unakohoa. Jioni nikaambiwa uko makaburini. Katikati ya mambo hayo mawili hakuna kitu. Nimetafuta, hakuna.

Nilishuka kutoka Isongole kwa bodaboda, matope hadi magotini, kamera nimeikumbatia ndani ya koti. Nilikuwa nacheka peke yangu. Kipunji alikuwa ametokea, Baba. Yule kima wetu wa Rungwe mwenye nywele zilizosimama utosini kama mtu aliyeamshwa kwa fujo. Ulimngoja kipupwe baada ya kipupwe kwa ajili ya ukurasa wa Juni wa kalenda yetu, ukapata mkia, ukapata tawi linalotikisika, ukapata ukungu mtupu. Mimi nilimpata jike mzima, na mtoto kifuani. Ukungu ulifunguka, akanitazama, hakukimbia. Njia nzima nilipanga nisikuambie neno. Nikukabidhi kamera tu, halafu nikuangalie uso.

Nyumbani Ibighi nikakuta viatu vingi mlangoni. Wanaume walikuwa wananawa kwenye ndoo, pindo za kanzu zao zina udongo mweusi. Baba mdogo akaniambia, "Rahma mwanangu, tumetoka kumpumzisha." Nikamwuliza, "Nani?" Akaendelea kunawa. Nikamwuliza tena, "Nani, baba mdogo?" Nilikuwa nauliza kweli.

Najua sheria. Maiti haicheleweshwi. Nimefundishwa madrasa, na kama angekuwa amefariki mtu mwingine, wewe ungekuwa wa kwanza kuwahimiza watu kabla jua halijashuka. Walinipigia simu, na unajua msituni hakuna mtandao. Walimtuma mtu wa bodaboda hadi Isongole. Alifika mwisho wa barabara, akapiga honi, akapiga, akapiga, kisha akarudi. Baba, niliisikia hiyo honi. Mimi na Ambakisye, kiongozi wetu wa njia, tulikuwa tumeegemea gogo tunangoja. Nikanong'ona kwa hasira, "Huyu atamfukuza mnyama." Ambakisye akasema, "Watu wa mjini wana kelele fijo, nyingi mno. Tulia, dada." Tukatulia. Tulitulia vizuri sana, kama ulivyotufundisha.

Yule binti aliyekuwa studio alikuja kesho yake kumpa Mama pole. Alitaka picha za paspoti. Ulimkalisha kwenye stuli, ukamwambia inua kidevu, usicheke, usitikisike. Kisha ukainama nyuma ya kamera. Alidhani umeangusha kitu, unakitafuta. Akaendelea kukaa, kidevu juu, hadi shingo ikamuuma. Alilia akisimulia, na mimi nikawa nakitazama kidevu chake.

Siku hiyo hiyo akaja Bibi Tupokigwe, jirani yako wa siku zote, na akina mama wa kanisani kwake, khanga kiunoni, tayari kwa kilio cha Kinyakyusa, kilio cha siku nyingi chenye ng'ombe na ngoma. Akasimama uani. "Yuko wapi?"

"Tumeshamzika, bibi."

"Mwe! Mmemzika? Kabla sijamlilia? Jirani yangu mimi mnamfukia haraka haraka kama viazi?"

Baba mdogo akajaribu kumweleza mambo ya dini. "Dini yenu naijua," akamkata, "nimekaa na ninyi tangu sina mvi hata moja. Lakini mngeniachia walau mguu wake niulilie." Akina mama wakashindwa kujizuia, wakacheka huku wanalia. Kisha akaniona nimekaa kwenye kizingiti. Akaketi chini, miguu kainyoosha. "Sogea. Mimi na wewe ndio tuliochelewa." Akalia kwa sauti kwa ajili yetu wawili, kwa sababu yangu haikutoka.

Siku ya hitima Swedi, mtoto wa baba mdogo, yule fundi simu wa stendi, alinivuta nyuma ya jiko. "Dada, usinikasirikie. Kabla hawajamfunika uso nilimpiga picha. Moja tu, shehe alikuwa amegeuka. Nilijua hutawahi." Akaninyooshea simu. Nikamsukuma mkono, simu ikaangukia kwenye kuni. Nikamwita majina ambayo siwezi kuyaandika hapa. Akaiokota, akaifuta vumbi. "Sawa, dada. Lakini siifuti hii. Siku ukitaka, niite."

Wewe unajua kwa nini nilimsukuma. Misiba yote uliyoitwa, Kiwira, Matwebe, milimani kote, ulipiga kila kitu: wapiga ngoma, ng'ombe, wajane, wazee chini ya turubai. Jeneza lilipofunguliwa watu waage, ulishusha kamera. Walikusihi. "Mzee, tupigie uso wake, mtoto wake yuko safarini hajafika." Ulikataa, na wengine wakaacha kukuita. Sababu uliniambia tukiwa juu kule, tunangoja mbega. "Picha ni ya yule anayeweza kukimbia na hakukimbia. Mnyama akikuona, akabaki, amekukubalia. Maiti haiwezi kukimbia." Nikakuuliza, nikijiona mjanja, "Na mlima je? Nao haukimbii." Ulicheka hadi mbega wakaondoka. "Mlima una ukungu, mama. Usipotaka, unajifunika."

Basi sikuitazama. Nikadhani nimekuheshimu, na yamekwisha.

Kilichofuata sikukitegemea. Sikuweza tena kubonyeza. Julai nilikwenda kwenye mashamba ya chai kupiga ukungu wa asubuhi unavyojivuta kutoka mabondeni. Kidole kikafika kwenye kitufe, kikaganda. Wazo lilikuwa moja tu: nikibonyeza, kuna mtu anaanguka nyumbani. Nikampigia Mama. "Uko salama?" "Niko eda, Rahma, nitakwenda wapi?" Agosti ikawa hivyo hivyo. Septemba watu wakachoma mashamba, moshi ukalala kwenye miteremko, jua likazama jekundu, lile uliloliita jua la mfinyanzi. Nikasimama na kamera shingoni kama mtalii aliyepotezwa na wenzake. Oktoba nikapanda tena na Ambakisye. Ndege shorobo alipita juu yetu, akafungua mabawa, ule wekundu wote ukawaka kwenye kijani mara moja, ukazimika. Ambakisye akanigeukia. "Mbona hupigi?"

"Nimechelewa."

"Hujachelewa. Umemwangalia tu mpaka akaondoka. Baba yako angekuchapa, wallahi, na mimi si Mwislamu."

Nimesoma, Baba. Najua kwamba kitufe cha kamera hakisimamishi moyo wa mtu aliye mjini. Kujua hakukunisaidia. Ndani yangu ulikuwa hujafa. Ulikuwa umeinama nyuma ya kamera unatafuta kitu, na mimi nisipotikisika utainuka.

Mchapaji wa Mbeya akawa anapiga simu kuuliza kalenda iko wapi. Baba mdogo akashauri tujaze picha zako za miaka ya nyuma, nani atajua? Mimi ningejua. Ulisema ukurasa wa mwezi lazima upigwe ndani ya mwezi wenyewe, mwaka wenyewe, hata kama mwezi umetunyima. Na miezi ilikuwa inapita mikononi mwangu, mmoja mmoja, mizima, haijaguswa.

Mvua ya kwanza ya Novemba iliponyesha nilikwenda kwa Swedi. Alikuwa amefungua simu ya mtu, vipande vimetapakaa mezani. Nikamwambia, "Nionyeshe." Hakuuliza nini. Akaitafuta, akanipa, akatoka akasimama nje kwenye mvua.

Pamba, Baba. Sikuwa nimewaza pamba. Kitambaa kimepita chini ya kidevu hadi utosini, kama mtu mwenye jino bovu. Ndevu zimechanwa upande usiozichania wewe. Na ni picha mbaya, mwanga wa taa umepiga paji la uso, pembeni kuna kidole cha Swedi. Lakini jicho lako la kulia, jicho la kamera, lile lililokuwa limekunjika hata ukila, hata ukisali, lilikuwa limenyooka. Hakuna mkunjo hata mmoja. Halikuwa linatafuta chochote.

Sauti ikanitoka. Sijui ilikuwa sauti gani. Swedi aliingia mbio, na akina mama wanaouza ndizi pale nje wakamfuata hadi mlangoni.

"Kuna nini?"

"Amefiwa," Swedi akawaambia.

"Maskini! Lini?"

"Sasa hivi."

Wakaingia wote, na mvua yao, wakanishika. Hakuna aliyeuliza zaidi. Nililia pale kati ya chaja na vioo vilivyopasuka hadi nikachoka. Swedi akauliza kama anitumie ile picha. Nikakataa. Tukaifuta pamoja, nikiangalia inavyoondoka.

Asubuhi yake mawingu yalikuwa yamefunika mlima hadi kiunoni, na chini yake migomba iliyooshwa inang'aa. Nikabonyeza. Nikabonyeza tena. Sikumpigia mtu simu.

Kalenda itatoka. Juni ni yule kipunji. Kurasa za Julai hadi Oktoba nimeziacha nyeupe, tarehe tu, juu hakuna kitu. Mchapaji amenipigia kuuliza kama nimekosea. Bibi Tupokigwe, nilipomwonyesha, alisema, "Huo ni ukungu, mbona unaonekana vizuri."

Sasa ninalotaka kukuambia hasa. Juzi niliitwa msibani Matwebe. Mama mtu mzima, na mwanawe wa pekee yuko mbali kazini, hangewahi, na mwili haukuweza kungoja. Jeneza lilipofunguliwa, dada wa marehemu akanishika kiwiko. "Mwanangu, tunajua baba yako hakupiga sura za marehemu. Sisi tunaomba tu." Nilisimama pale, Baba. Nilikusikia, neno kwa neno. Kisha nikaomba wanisaidie kulegeza kitambaa cha kichwa kilichokuwa kimembana, nikangoja wingu lipite, mwanga uingie mlangoni, nikapiga. Moja.

Najua ungekasirika. Ungenyamaza siku nzima ukifuta lenzi ambayo haina uchafu. Nami ningekujibu hivi: ulisema maiti haiwezi kukimbia, na ni kweli. Lakini wewe watu wako wote uliwawahi. Ulimshika babu mkono, ulimfumba bibi macho. Hukuwahi kukaa miezi ukimngoja mtu ainuke.

Kwa hiyo pokea ahadi yangu jinsi ilivyo. Kwa wanyama na kwa milima nitashika sheria yako yote: anayetaka kukimbia nitamwacha akimbie, na mlima ukijifunika nitarudi nyumbani bila picha. Kwa wafu nitakuasi. Nitapiga moja, kwa ajili ya aliyechelewa, na sitaituma kwa simu. Nitampa mkononi, na nitakaa naye anapoitazama.

Mwenyezi Mungu akupanulie hapo ulipo, Baba, na akupe mwanga unaoupenda, ule wa baada ya mvua. Nakuaga leo, kwa sababu ile siku yenyewe sikukuaga. Mtoto wa yule mama wa Matwebe anafika kesho kwa basi la Mbeya. Hanijui. Nitakuwa nimekaa pale anaposhukia.

Mwanao,
Rahma